Sema Saba

9 Aprili

Mdogo wangu Chokaa,

Naandika jikoni viatu vikiwa bado miguuni, maana nikivivua tu nitalala hapahapa. Leo nimefundisha wanafunzi tangu asubuhi, na wa mwisho, mzee mmoja mstaafu, amepandisha gari juu ya ukingo wa barabara kisha akaniambia kwa heshima zote kwamba ukingo ndio uliomfuata yeye. Ualimu wa udereva niliuchagua mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Jumapili tumesalimiana kwa simu, lakini wewe unaijua nyumba yetu. Simu ni ya salamu, la maana linaandikwa. Baba alituzoesha vibaya na sasa hatuachi.

La maana ni hili: mwanangu anakuja kwako. Mumewe amepata mkataba wa ufundi wa umeme huko, na yeye amekataa katakata kubaki nyuma na tumbo lake. Atajifungulia huko, kwenye hospitali yako. Nimelia kidogo, nikajifuta, nikafurahi, kwa sababu anakwenda kwako na si kwa watu.

Ila kuna jambo linanikereketa. Mwenzangu wa ofisini ana binamu yake aliyejifungulia huko. Anasema sisi weusi tukisema tunaumwa hatusikilizwi, tunaonekana tunatia chumvi au tunaigiza. Ni kweli? Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni wa huko na wa hapa. Ngozi yako ni yao, lakini aliyekulea ni baba yangu, na mgongo uliokubeba ukiwa na homa ni huu wangu. Tangu mama yako aolewe kwetu akiwa amekupakata, hakuna mtu mtaani aliyekuita mtoto wa kufikia mbele yangu akaondoka salama. Kwa hiyo wewe nitakuamini. Niambie kama ilivyo, nimwandae mwanangu.

Dadako


27 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikacheka peke yangu kwa habari ya yule mzee hadi wenzangu wakaniuliza kulikoni. Nikashindwa kuwatafsiria. Kuna vichekesho vyetu ukivihamisha lugha vinakufa njiani.

Mwache mtoto aje. Chumba cha juu nimekipaka rangi, kitanda nimekisogeza mbali na dirisha lenye baridi. Na usinitishie habari za binamu wa mwenzako. Nimekuwa mkunga hapa tangu ujana wangu. Sikudanganyi, wajeuri wapo, kama walivyo madereva wajeuri. Lakini mengi anayosema huyo binamu yanatokana na kutojua wodi inavyokwenda. Mkunga amechoka, anajibu mkato, mgeni anadhani ni rangi yake.

Nikupe siri ya kazi, umwambie mwanao. Kila akiingia mkunga atamuuliza: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi? Asiseme kumi hata siku moja. Anayesema kumi anaandikwa kichwani kuwa ni mpiga kelele, na hata mimi nikiwa zamu huwa namwendea polepole. Aseme saba. Aiseme kwa utulivu, amtazame mtu usoni, aseme tafadhali. Nilipokuwa najifungua mwanangu, katika wodi hiyohiyo, nilisema saba kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na daktari alikuja mbio hadi akaangusha kalamu. Hapa mpole ndiye anayesikilizwa.

Na hilo la kuniambia ngozi yangu ni yao, ulikuwa unatania, najua, lakini limenichoma kidogo. Nimekula sahani moja na wewe. Yaliyowapata nyinyi nimeyaona kwa macho yangu. Mimi ni mwenzenu, dada, usinisimamishe mlangoni.

Mdogo wako, Chokaa


15 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi na Mpangaji hatujambo. Mpangaji ndilo jina tulilompa huyu wa tumboni, kwa sababu anahamisha samani siku nzima na kodi hatoi. Mkweo anamsomea kitabu cha maelekezo ya nyaya. Nimemwambia mtoto atazaliwa amejikunja kama waya, akasema atamnyoosha.

Mama mdogo ananilea kama yai. Asubuhi kabla ya kwenda kazini ananiachia matunda yamekatwa tayari na kufunikwa, na jioni ananikanda miguu huku akinisimulia mlivyokuwa mkiiba sukari. Unatakiwa kuja kujitetea, maana kwa maelezo yake mwizi ulikuwa wewe tu.

Kliniki naenda. Mara ya kwanza muuguzi aliniuliza kwa sauti kubwa na ya polepole kama naelewa lugha, na mimi nilikuwa nimeshamjibu maswali yake yote. Nilipomsimulia mama mdogo alisema yule ana masikio mabovu. Mara ya pili niliambiwa nikae nisubiri, wakaja wengine nyuma yangu wakaingia, wakatoka, wakaenda zao. Mama mdogo akasema siku ile mfumo ulikuwa na hitilafu. Mara nyingine mwanamke wa mapokezi aliufunga mkoba wake zipu nilipokaa. Hilo sikumwambia, kwa sababu nilishajua atakuwa na maelezo, na maelezo yake ni mazuri, mama, ni ya mtu mwenye moyo safi. Nikimaliza kuyasikiliza najiona mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Usimwambie nimekuandikia haya. Ananipenda sana na sitaki aumie.

La kujifungua usiwe na wasiwasi. Amenifundisha. Tunafanya mazoezi jikoni: yeye ananiuliza "ngapi?" nami namjibu "saba, tafadhali," halafu tunacheka.

Mwanao


2 Agosti

Dada yangu,

Kwenye simu nililia tu, na wewe ulikata kabla sijasema lolote la maana. Sikulaumu. Nakuandikia ujue ilivyokuwa.

Aliingia wodini asubuhi akiwa na uchungu. Kila kitu kilikuwa cha kawaida. Mchana maumivu yalizidi, lakini alistahimili vizuri, hivyo ndivyo walivyoandika na ndivyo ilivyokuwa. Kondo la nyuma liliachia kabla ya wakati wake. Hutokea, dada, hutokea hata kwa walio na afya njema, na wakati mwingine damu haionekani nje hadi mambo yameshaharibika. Walipogundua walimkimbiza chumba cha upasuaji. Yeye wakamwokoa. Mtoto, wa kike, alikuwa ameshakwenda.

Mkwe wetu alipandisha sauti kidogo kule nje, lakini alitulizwa.

Mimi sikuwa zamu, na sheria yetu haituruhusu kumhudumia ndugu. Nilikuwa pale kama mama yake. Nilimshika mkono. Nataka ulijue hilo, kwamba hakuwa peke yake.

Sasa yuko chumba cha juu. Anakula kidogo. Hazungumzi na mimi sana, nadhani ni huzuni, na huzuni ina mwendo wake. Nampelekea chai, naikuta imepoa. Laiti ningekuwa na la kukuambia zaidi ya haya.

Mdogo wako, Chokaa


11 Agosti

Mama,

Uliniuliza kwenye simu ilikuwaje nikasema nitaandika. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

Asubuhi yalikuwa maumivu ya kuja na kuondoka, kama nilivyofundishwa. Mchana yakaacha kuondoka. Yalikuja yakakaa. Tumbo likawa gumu kama meza. Mkunga akaingia akauliza ngapi. Nikasema saba, tafadhali. Nikamtazama usoni. Akasema vizuri, unastahimili vizuri, akaandika, akatoka. Nikabonyeza kengele. Akaja mwingine. Nikasema saba, lakini hayaachi. Akaniambia mwanamke akiwa na shida kweli hawezi kuzungumza kwa utulivu namna hii.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mwanamke mwingine mweusi. Yeye alipiga kelele kumi, kumi, jamani kumi. Wakaenda wakamwambia apunguze sauti, anawatisha wenzake. Basi mimi nimesema saba, nikaambiwa sina shida kwa sababu nimetulia. Yeye kasema kumi, akaambiwa ni mkorofi. Mpaka leo nakaa hapa natafuta namba tuliyotakiwa kusema.

Mume wangu akatoka kuita daktari. Alianza kwa adabu, namjua. Alipoomba mara nyingine wakaita mlinzi. Mlinzi akamshika mkono akamweka nje ya mlango mkubwa, na mtoto wake alipotolewa, yeye alikuwa huko nje.

Sasa hili ndilo nataka ulisome ukiwa umekaa. Mama mdogo alikuwa pale. Alikuwa amenishika mkono. Nikamwambia kwa lugha yetu, bila namba wala tafadhali: mama mdogo, kuna kitu hakiko sawa, hayaachi, nahisi mwanangu ametulia mno. Yule mkunga wa pili alikuwa mlangoni, akamuuliza vipi, ana nini? Na mama mdogo akamtazama, akanitazama, akasema, "Hajambo, ni woga wa mimba ya kwanza tu." Akanipapasa mkono akaniambia niendelee vizuri hivyohivyo, nisiwachoshe.

Yule mkunga akaondoka. Nani angekaa, ikiwa mkunga mwenzake kasema hajambo?

Sikupiga kelele, mama. Nilikuwa nampa mama mdogo heshima yake mbele ya wenzake. Naomba uniagizie tiketi. Nataka kurudi nyumbani.

Mwanao


20 Agosti

Chokaa,

Barua yako na ya mwanangu nimeziweka mezani moja kando ya nyingine. Kwenye yako umemshika mkono. Kwenye yake pia umemshika mkono, ila huko una mdomo.

Kwa nini hukuniambia? Ningekasirika, ndiyo. Ningevunja vyombo. Lakini ningekuwa nimeambiwa na wewe.

Nimejaribu kukuchukia wiki nzima. Nilipokuwa kazini nilimfokea mwanafunzi hadi akazima gari katikati ya makutano akashuka. Nilipofika nyumbani nikakuta hasira yenyewe haikai kwako peke yako. Inanirudia. Mimi ndiye niliyekuuliza njia. Nilikuuliza kwa kuwa unaishi huko na kwa kuwa nakupenda, sikujiuliza kama uliwahi kuipita njia ile ukiwa na uso kama wa mwanangu. Ulinipa ramani ya mtu anayefunguliwa mageti, nami nikamwambia mtoto aifuate neno kwa neno. Nilimwambia kwa simu: fanya anavyosema mama mdogo, yeye anawajua.

Na mimi nilipokuwa nikikuambia mambo yetu, miaka yote hii, ulikuwa unasikia nini? Baba alipoitwa "kijana" na mteja mzungu wa rika la mwanawe pale gereji alikofanya kazi, ulikuwepo, umekaa juu ya matairi. Ulicheka kwa sababu baba alicheka. Nilidhani unajua kile kicheko kilikuwa cha nini. Ulikuwa mtoto, nami nilikuwa mtoto, lakini mimi nilijua.

Mwanangu anapanda ndege Jumanne. Usimpeleke wewe. Mumewe atampeleka.

Dadako


1 Septemba

Dada,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Kila nikiandika nakuta najitetea.

Kila alichokuambia ni kweli. Nilisema hajambo. Nimejiuliza kwa nini, kwa sababu mwanamke mwingine yeyote angeniambia maumivu hayaachi, ningeweka mkono juu ya tumbo lake kabla hajamaliza sentensi, sheria au si sheria. Hilo ni jambo la siku ya kwanza darasani. Sikuweka mkono. Nilimtazama usoni, nikaona ametulia, nikajivunia. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilikuwa najivunia alivyonisikiliza.

Nimekwenda kwa mkuu wa wodi kulalamika rasmi. Alinisikiliza kwa huruma, akanipa kiti. Kisha akainama kwangu kama mtu na mwenzake akasema, "Lakini na wewe unawajua hawa, mara wanaigiza, mara hawasemi, mtu utajuaje?" Alisema "hawa" akinitazama mimi. Na dada, nilichotambua pale si kwamba ni neno la ajabu. Nilitambua kwamba nimelisikia mara nyingi kwenye meza ya chai, mwaka hadi mwaka, na kila mara nilijiambia wamechoka tu. Sikuwahi kuuliza "hawa" ni nani. Nilijua ni nani. Ni nyinyi. Nikawa naendelea kunywa chai yangu.

Malalamiko nimeyaandika kwa jina langu, na humo nimeandika nilichosema mlangoni pale. Wenzangu baadhi hawanisalimii. Ni sawa.

Sasa nakuomba jambo. Nimechukua likizo. Nataka kuja. Nataka nimwangukie mtoto miguuni, nimkande, nimfulie, nikae naye hata bila kusema. Nilisema mimi ni mwenzenu na sikujua ninachokisema. Sasa naelewa. Mwambie hivyo tafadhali, kwamba sasa mama mdogo anaelewa.

Chokaa


6 Oktoba

Mama mdogo,

Shikamoo. Mama alinisomea barua yako, alipofika mwisho akaikunja akasema la kujibu ni langu, yeye haingilii. Amekuwa akizunguka nyumba akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Nadhani anataka niseme uje. Anakukumbuka. Jana amemwita mwanafunzi wake kwa jina lako.

Mume wangu amemaliza mkataba, amerudi. Siku hizi akiingia ofisi yoyote ananong'ona. Mtu wa sauti kama yake.

Nimesikia ulivyoandika malalamiko kwa jina lako. Najua imekugharimu, na ahsante. Huenda ikamsaidia yule mwanamke wa nyuma ya pazia. Sikuwahi kujua mtoto wake alikuwaje, kama unaweza kuuliza, niulizie.

Lakini umeandika kwamba sasa unaelewa. Mama mdogo, hata mama haelewi. Ni mweusi mwenzangu, ni mama yangu mzazi, na bado ananiuliza kwa nini sikupiga kelele nikavunja dirisha. Kwake hapa kila mkunga ana sura ya shangazi, ukipiga kelele anakuja na kukutania. Namwacha aulize. Na mimi nikimtazama mume wangu anavyonong'ona, siwezi kusema najua ilikuwaje kusimama nje ya ule mlango. Kwa hiyo sikudai unielewe. Siku ile sikuwa na haja hiyo kabisa. Nilikuambia maumivu hayaachi. Ungeniamini hivyohivyo, bila kuelewa chochote, ukaita daktari, leo ningekuwa nakuandikia nikiwa na mtoto mapajani ananivuruga mwandiko.

Wale wengine hawakunijua wala hawakunipenda. Nikiwakasirikia najua nawakasirikia nini, na hasira ikiisha naweza kuendelea na shughuli zangu. Wewe unanipenda. Hilo sijawahi kulitilia shaka, hata nilipokuwa nakusikia unasema mimi sijambo. Ulinipenda na hukuniamini, vyote kwa pamoja, ukiwa umenishika mkono, na mimi sijui hasira ya namna hiyo mtu anaipeleka wapi.

Usije kwanza. Si kwamba sikutaki. Ukija utalia, na mimi nitakubembeleza, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na sina nguvu za kumbembeleza mtu kwa ajili ya mwanangu mimi.

Siku nikiweza, nitakuandikia.

Mwanao